Stesheni ya Skelbeck, Saa Kumi na Dakika Saba

Darini kwake, mjini Penrith,
ngazi inapokulazimisha upinde mgongo,
Bwana Postlethwaite, jina refu kuliko treni zake,
ameijenga upya stesheni ya Skelbeck
iliyong'olewa reli alipoanza kuota ndevu.
Yote imelala juu ya mlango mmoja wa zamani
ambao bado una tundu la kitasa.

Moja kwa mia na arobaini na nane:
mtu mzima ni punje ya mchele iliyosimama,
kondoo ni choroko,
na injini, nikifumba kiganja, haipo.

Mimi ndiye mleta udongo.
Siku moja aliniona nikitupa makapi ya chai,
akanishika mkono kana kwamba namwaga dhahabu.
Tangu hapo nayakausha juu ya hita,
nayachekecha, nampelekea kwenye kopo la siagi.
Majani yaliyochumwa Mufindi
sasa ni tuta la reli chini ya mvua ya Cumbria.
Sijaona shamba likihama mbali hivyo.

"Usafi ni uongo," husema.
Injini mpya ikitoka sandukuni inang'aa kama jino la dhahabu;
hanywi chai mpaka ameizeesha miaka ishirini
kwa vumbi la chaki na kidole gumba.
Masizi kwenye paa. Kutu kwenye mapipa.
Matope kwenye kizingiti cha choo cha wanaume.
Mvua ni vanishi. Ukungu ni pamba
aliyoichambua hadi ikakaribia kutokuwepo.
Harufu tu ndiyo iliyomshinda:
makaa yaliyolowa, makoti ya sufu,
chungwa likimenywa behewani na mtu usiyemjua.
Akavuta pumzi. Nami nikavuta.
Nilinusa chai.

Jukwaani yupo mwanamke na kapu.
Wenzake wote wembamba, yeye kanenepa.
Nilidhani ni mjamzito.
"Ni rangi," akasema.

Ni mama yake.
Kila Novemba hulipaka koti lake kijani;
Machi ikifika ana hakika lilikuwa buluu.
Picha iliyobaki haina rangi.
Dada yake, Maureen, alishikilia kijani mpaka kaburini,
"lakini Maureen hakusema kweli hata kuhusu umri wake."
Basi rangi juu ya rangi, baridi juu ya baridi,
mama ananenepa kwa kutokumbukwa sawasawa.

Nilitaka kucheka.
Kisha nikaitafuta kanga ya mama yangu:
pindo nililiona, korosho nilizihesabu,
na ile kona iliyoungua pasi.
Jina lake halikuja.
Na ndiyo iliyonifundisha kusoma,
herufi kwa herufi, kidole changu kiunoni pake.

Jumapili hii mikono yake ilitetemeka.
Akanipa brashi ya nywele tatu.
"Wewe una macho. Paka."
Vikopo viwili vilikuwa wazi, vinaningoja.
Nikachovya cha tatu, cha vanishi,
nikamlowesha mabega, kapu,
na jiwe lililo chini ya viatu vyake.
Mvua inanyesha Skelbeck tangu nimjue mzee huyu
na hakuna aliyewahi kumlowesha mama.

Koti likakolea, likaingia giza.
Bwana Postlethwaite akainama,
pua yake juu ya paa la stesheni kama wingu lenye miwani,
akatazama, akatazama.
"Likilowa," akasema,
"ni kweli. Likilowa lilikuwa jeusi tu."

Akazima taa kubwa.
Zikabaki zile za jukwaani, nne, moja inapepesa.
Treni ya saa kumi na dakika saba ikatokea
nyuma ya pazia la bafu alilolichora mawingu,
ikapunguza mwendo mbele ya kapu.
Haisimami. Mota yake imechoka,
ikisimama haiondoki tena.
Tukaiacha ipite.