Saa Kumi Alfajiri, Kemi

Nilikuwa darajani, bamba la chuma likikwangua lami,
theluji ikipaa pembeni kama unga uliokosa gunia,
redio ikinong'ona bei ya mbao na baridi ya leo,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mara mtangazaji akakohoa, akasema:
"Na sasa, kwa wale walioota mvi wakingoja..."

Nikajua.
Hajamaliza, nami nimeshajua.
Mguu ukakanyaga breki bila kuniuliza.

Miaka kumi na tisa, jamani!
Miaka kumi na tisa nimekuwa mjane wa watu walio hai.
Waligombana, ilivuma, juu ya nani alipie petroli,
nami niliamini, maana niliwahi kuwaona Tornio
wakilisukuma lile gari lao la buluu lililozimika,
wawili mbele, wawili nyuma,
kila mmoja akisukuma kuelekea kwake.

Lokinpesä. Yaani kiota cha shakwe.
Jina la ovyo, bendi ya ovyo,
na mimi nililishona mgongoni mwa koti la jinzi
kwa uzi mwekundu, herufi moja ikapinda.
Mwalimu Saarnio akaniuliza kama ni timu ya mpira wa magongo.

Gitaa kwanza.
Halikupiga hodi. Liliingia na viatu vyake vya matope
likakaa palepale lilipozoea kukaa,
chini kidogo ya koo.
Mkono wa Veini! Ningeutambua hata kaburini:
ule waya wa tatu haujawahi kukazwa sawasawa
tangu nikiwa na meno yangu yote.

Kisha ngoma, nikashtuka.
Siye Ropponen huyu.
Ropponen alipiga kama mtu anayedai deni;
huyu anapiga kama aliyekwisha kulipwa na bado hajaridhika.
(Ni bintiye, Senja, nilikuja kuambiwa.
Mgongo wa mzee umegoma.)

Halafu Ilmo.
Nisidanganye: sauti imeshuka, imeota kutu.
Kile kilele alichokuwa akikiparamia kama paka
sasa anakipita kwa chini, anakipungia mkono tu.
Mpenda chongo huita kengeza, najua,
lakini mimi sikuona chongo wala kengeza,
niliona macho mawili, yananitazama.

Na wimbo wenyewe unahusu nini? Jokofu.
Naapa. Mtu amerudi nyumba ya mamaye, imefungwa siku nyingi,
kila kitu kimenyamaza, ila jokofu jikoni
bado linanguruma peke yake,
linapoza hewa, linangoja maziwa.
Kibwagizo kilipofika nikapiga usukani kwa viganja,
nikapiga, nikapiga,
honi ikalia mara mbili kwa bahati mbaya
na mara ya tatu kwa makusudi.

Nyuma yangu lori la magogo likajibu kwa hasira.
Dereva akashuka, kijana, ndevu zimeganda barafu,
akaja kunigombeza, akavuta mlango,
akakuta mama wa miaka hamsini na mmoja
anatikisa kichwa kofia ikianguka.
"Umeumwa?"
"Panda," nikamwambia. "Panda ufunge mlango,
baridi inaingia kwenye wimbo."
Akapanda. Mpaka leo sijui jina lake.
Najua tu kwamba goti lake lilianza kucheza kabla yeye hajakubali.

Asubuhi ofisini wakauliza
kwa nini mita mia mbili za daraja zimebaki nyeupe.
Nikasema mashine ilikwama. Ilikwama kweli.

Lakini kabla ya hapo, gitaa likiwa bado halijaisha kulia,
nilimpigia dada yangu Kyllikki, kule Vaasa,
ambaye hatujasemezana tangu kugawana vyombo vya marehemu baba.
Saa kumi alfajiri. Simu ikaita mara moja tu.
Nikafungua kinywa.

"Nasikia," akasema. "Nyamaza."