Namba Sitini na Tatu

Mama huanza kuviringa koni saa kumi alasiri,
treni ya Kigoma ikisemekana imetoka Itigi,
ikisemekana tu.
Karatasi hununua kwa kilo kwa mlinzi wa shule:
mitihani ya miaka iliyopita, wino mwekundu,
majina ya watoto waliokwisha kuoa.

Mimi nilikuwa nimerudi juzi. Miezi mitatu Japani
nikijifunza pampu za maji, na nilicholeta Tabora
ni kitambaa, pipi za majani ya chai zisizo tamu,
na hii, iliyokunjwa nyuma ya kitambulisho.

Nikamweleza: kuna hekalu juu ya ngazi nyingi.
Unatia sarafu, unatikisa kisanduku
mpaka kijiti kichungulie tunduni
kama panya anayesikiliza kama mmelala.
Kijiti kina namba. Namba ina droo.
Bwana Morita, mkalimani wetu, akaisoma yangu,
akakohoa, akaisoma tena:
Safari: ahirisha. Kilichopotea: usikitafute.
Mgonjwa: atapona, ila kwa kuchelewa.
Akanionyesha nyaya ambako wenzangu walifunga mikosi yao,
myeupe, kama yangeyange waliotua.
"Ifunge. Iache hapa hapa."

Sikuifunga. Mlikuwa na mgonjwa ndani yake.
Nani humwacha mamaye kwenye waya wa watu?

"Goti," akasema Mama. "Hilo hata Kitete waliniambia,
tena bila sarafu."
Akaisugua kwa kidole gumba.
"Karatasi nzuri. Haipitishi mafuta."

Nikaingia ndani kuchukua chumvi.
Honi ikalia. Tukakimbia stesheni, yeye na goti lake
wakipokezana, mikono ikining'inia madirishani,
noti za jasho, chenji, haya haya,
na behewa la mwisho lilipopita
sinia lilikuwa na koni moja.

"Yangu iko wapi?"
"Imepanda. Kijana wa Uvinza. Nimemwongeza na kiganja."

Nikabaki nikitazama reli.
Mtu nisiyemjua, usiku, kabla ya Malagarasi,
akitafuna *safari: ahirisha*,
akiigeuza karatasi juu chini
akitafuta pa kuanzia kusoma.

Mama akaifungua koni iliyobaki mapajani:
Mihambo Kasonta, Hisabati, nne kati ya hamsini.
"Hawa nimewauza miaka kumi na tisa," akasema,
"hajarudi abiria kudai karanga zimefeli."

Kisha akanyoosha mguu nimkande.
Goti lilikuwa bado la moto.