Ndimu wa Ukurasa wa Tisa

Siwatu huchora nyuma ya mashine ya fotokopi,
Mtaa wa Mchikichi; umeme ukikatika ndipo anapata nafasi.
Humchora Ndimu, yule wa runingani kila Alhamisi,
tai fupi, ulimi wembe.

Ila wake si yule.
Ndimu wake mmoja ni waziri: anajidhihaki, kisha anajifungia kituo.
Mwingine bubu, anapandisha nyusi tu
na Temeke nzima hoi.
Wa ukurasa wa tisa anauza vitasa Gerezani,
saa tatu usiku kalala, mdomo wazi,
simu kaizima.

Kurasa kumi na mbili, pini mbili, shilingi mia tano.

Juzi kaingia mtu na kofia, anatoa kopi ya kitambulisho.
Tai hana. Sauti ileile.
Kakifungua kijitabu, kacheka kwa waziri,
kwa bubu kacheka mpaka akashika kaunta.
Ya tisa hakucheka.

"Huyu," kauliza, "usiku nani humpigia?"
"Hakuna. Anauza vitasa."

Kalipa elfu, chenji hakungoja.
Kitambulisho kakisahau kwenye kioo cha mashine,
jina lake la kuzaliwa
limelala kifudifudi.