Tanbihi

Holo alikuja na mada pana kama ziwa:
maadili ya biashara.
Aliiandika yote kwenye kompyuta, ikamrudishia vitabu elfu nne na ushee,
akanitazama kana kwamba ni mimi niliyevitapika.

Nikamwambia, kaa. Zima hiyo kwanza.
Hakuna anayevua ziwa zima, mwanangu,
mtu hutega mahali.
Nini kilikukera mpaka ukaichagua mada hii?

Akanyamaza. Nje, chini ya mawe ya Nyegezi,
wingu la usubi lilisimama juu ya maji
kama moshi usio na moto.
Kisha: "Mama anauza mabondo, pale Mwaloni.
Nyumbani yana kilo mbili kasorobo.
Kwa mnunuzi yana kilo moja na robo.
Njiani halikuanguka hata moja."

Basi, hapo tuna swali.
Si maadili, ni mizani.
Si biashara, ni mizani ya mnunuzi,
na nani huikagua, na lini mara ya mwisho,
na stika ya ukaguzi imebandikwa upande upi.

Nikamfundisha majina,
maana neno moja ni mlango mmoja
na mlinzi aweza kulala na ufunguo.
Mtaani tunasema chai, tunasema ya soda, tunasema kumwona mtu.
Katalogi haijui chai.
Inajua hongo, inajua mgongano wa maslahi.
Tafuta mizani, halafu vipimo, halafu uzito;
mtafute sangara kwa jina letu,
kisha kwa lile la Kilatini
walilompa wataalamu wasiowahi kumparua magamba.

Magesa, meza ya pili, alifurahi mapema.
Alikuwa na ripoti: karatasi nzito, yenye kung'aa,
wavuvi wanacheka kila ukurasa.
Nikamwambia, geuza.
Ndani ya jalada la nyuma, herufi za ukubwa wa dagaa:
Imefadhiliwa na.
Soma kwa sauti.
Akasoma. Kiwanda kilekile kinachosifiwa.
"Kwa hiyo niitupe?"
Hapana. Anayejisifu naye ni shahidi,
ila usimwache kizimbani peke yake.

Rafu ya chini, ripoti ya ukaguzi, ya zamani.
Ukurasa wa arobaini na moja hadi arobaini na nane
haupo. Umekatwa kwa wembe, kwa subira.
Holo akapitisha kidole penye visiki vya karatasi.
Andika hilo pia, nikasema. Pengo nalo lina namba.
Kisha tujaze fomu, tuombe nakala ya maktaba nyingine;
wembe mmoja haufiki kila mji.

Saa kumi umeme ukakatika. Tukabaki na dirisha.
"Mama hajui kuandika. Nitamnukuuje?"
Kama unavyomnukuu profesa:
jina, mahali, siku. Mahojiano, Mwaloni, Kirumba.
Ila umuulize kwanza kama anataka jina lake liwemo.
Wewe utapata alama;
yeye kesho atarudi kwa mnunuzi yuleyule.

Akaandika. Akasogeza daftari pembeni,
na chini ya daftari kulikuwa na kibao cha shaba,
misumari minne, jina la kiwanda.
Lilelile.
"Na hizi meza, mwalimu?"

Miaka kumi na moja nimekifuta vumbi kibao kile
na sijawahi kukiingiza kwenye katalogi.
Siku ya kuzipokea tulikula pilau.
Nilipiga makofi, nipo kwenye picha, mstari wa mbele.
Wembe sikuushika.
Ufunguo wa rafu ile ninao mimi.

Chukua kalamu, nikamwambia.
Tanbihi namba moja:
Mkutubi, mazungumzo na mwandishi, Nyegezi, Jumanne, umeme ukiwa umekatika.

"Jina liwemo?"

Nikamtajia, herufi moja moja,
polepole, kama mtu anayepima.