Chaguo-Msingi

Jumapili usiku, Mokowe, ofisi ya orofa ya pili,
mimi, feni inayolalamika, na seva isiyolala.
Nikaandika amri moja:
kila kompyuta ya kaunti ikiamka kesho
ijue printa yake bila kuuliza.

Zamani nilikuwa natembea.
Boti hadi Amu, flashi mfukoni,
nakwea ngazi za ardhi, za afya, za masjala,
dawati moja moja, naweka dereva, natoa karatasi ya majaribio,
na Bi Zaharia binti Kupi, miwani puani:
"Dereva? Mwanangu, Amu hii ina magari mangapi?"
Mashine thelathini na nane, wiki mbili, chai isiyo idadi.
Wiki ya tatu printa moja inakufa, naanza upya.

Basi nikachora mti wa idara kwenye skrini,
tawi la ardhi, tawi la afya, tawi la vizazi na vifo,
kila tawi nikalitundikia sera yake.
Sikubisha hodi kwa mtu.
Saa saba na robo nikabofya Tekeleza,
nikalala kama sultani wa karatasi.

Kwa Kiswahili cha vitabu huitwa chaguo-msingi:
chaguo ambalo hukulichagua,
limekufika umelala.

Asubuhi printa ya pembeni mwangu ikaanza kukohoa.
Ombi la likizo la Famau, siku nne, sababu: jino.
Ramani ya kiwanja Matondoni, mpaka wa kusini una ugomvi.
Mapishi ya mkate wa sinia, nakala mbili, hayana mwenyewe.
Barua: *Kwa heshima na taadhima, sisi ukoo wa Bwanaheri
tunabisha mlangoni kwenu,*
kisha karatasi zikaisha kwenye trei,
nisijue ni mlango wa nani.

Nikacheka peke yangu, nikajaza trei.
Kosa nililijua: tiki moja ya majaribio
niliisahau kule shinani,
na kinachowekwa shinani matawi hurithi,
yapende yasipende.

Ukurasa wa pili wa posa haukuja.
Kilichokuja ni kibali cha mazishi.
Athman Lali Shebwana, miaka sabini na mmoja, Langoni.
Kikaja tena.
Kikaja tena.
Nikasimama na marehemu mara tatu mkononi,
maji yote ya mkondo kati yetu na kaburi lake.

Simu. "Nimebofya mara tatu. Printa yangu kimya.
Mwanawe yuko mbele yangu, mato mekundu, hasemi neno.
Wamzika adhuhuri. Karatasi imekwenda wapi?"

Tiki nilikwisha kuitoa. Lakini sera hushuka kwa zamu yake,
saa nzima na nusu, au mashine ife ifufuke.
"Zima, Bi Zaharia. Kisha washa."
"Nazima. Nawe usikate simu."

Sikukata.
Nikasikia kiti kikivutwa. Punda chini ya dirisha.
Mtu akimeza mate, si yeye.
Nikasikia vidole vyake vikitafuta herufi za nywila,
moja, moja, moja.
Miaka sita nawapangia watu hawa printa,
sijawahi kusikia kusubiri kwao.

Kisha, mbali, mashine ikavuta karatasi
kama mtu avutaye pumzi baada ya kupiga mbizi.

"Imetoka," akasema, si kwangu.
"Kaa hapo, baba, nikupigie muhuri."
Simu akaisahau juu ya meza.

Jumanne nilivuka. Hapakuwa na cha kutengeneza.
Bahasha ya kaki kwapani, nikaimwaga mbele yake:
jino la Famau, ugomvi wa Matondoni, nusu ya posa, mkate.
"Mkate ni wangu," akasema. "Hizo nyingine weka hapo."
Vile vibali vitatu akavihesabu kwa kidole,
akavikunja mara moja,
akavitia kwenye droo yenye ufunguo,
akanisogezea kikombe.