Shimo Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa shule, Loudéac.
Watu arobaini wananong'ona kama walio matangani,
nami nimeazima baiskeli ya shemeji
ambayo tandiko lake limenichukia tangu jana.
Nimepewa kadi ngumu ya manjano, vyumba sita vya mihuri, vyote vitupu.
"Kilomita mia mbili," anasema Goulven, taa yake kaibana kwa meno,
"si mbali. Ni asubuhi, kisha mchana, kisha chakula cha usiku."

Safari yangu ndefu hadi siku hiyo: ishirini na mbili,
kwenda kununua siagi na kurudi.

Tukaondoka bila filimbi wala bendera,
minyororo tu, ikisaga giza likawa unga.
Neno la kwanza la lugha yao nililisoma kwa macho:
mkono wa Azenor ulishuka kushoto, kidole kikaichoma lami,
na kweli, pale, shimo, limeshiba mvua ya jana.
Wa pili akashusha wake. Wa tatu.
Shimo likaja mkono kwa mkono
kama sahani ya moto mezani,
likanifikia, nikalikwepa,
nikasahau kulipitisha.

Nyuma yangu mtu akatukana kwa Kibretoni.
Kibretoni sikijui. Nilielewa vizuri sana.

"Sogea," akasema Azenor. Ni muuza nyama, ana mabega ya kazi hiyo.
"Sogea tena. Gurudumu langu halina upele."
Nikasogea, nikawa shubiri moja nyuma yake,
na upepo, uliokuwa ukinidai tangu Mûr,
ukaniachia ghafla, kama deni lililolipwa na mwingine.
Na lililipwa na mwingine:
yeye mbele, kifua wazi, jasho likimchuruzika mgongoni,
mimi nyuma, nikila kivuli chake.
Kila baada ya dakika tano kiwiko kilipepea,
aliyelipa akarudi mkiani,
akaja mwingine na chake.

Zamu yangu ilipofika nilitaka sifa.
Nilikanyaga kama mtu anayezima moto.
Nilipogeuka, barabara nzima ilikuwa yangu,
nao wako kule chini, wadogo, hawana habari nami.
Walinifikia wakipiga soga.
Hakuna aliyenikaripia. Afadhali wangenikaripia.

Kilomita ya mia na nne, mlima wa Arrée,
magugu, mawe, ukungu unaolamba miwani,
na mguu wangu ukawa wa mtu mwingine,
mtu asiyenipenda.
Nikashuka. Nikakaa ukingoni, kofia ngumu mapajani,
nikawa nahesabu treni za kurudia nyumbani.
Huko juu hakuna treni.

Goulven akalaza baiskeli yake kando ya yangu.
Akatoa keki yenye plamu kavu, imebondwa mfukoni
hata haijulikani wapi keki, wapi karatasi.
"Umekula lini?"
"Sijasikia njaa."
"Njaa ni barua," akasema, miaka thelathini posta,
"ikifika mlangoni, imeandikwa siku nyingi."
Nikala, na karatasi kidogo.
Kileleni walikuwa wanatusubiri, wanane,
wakijifanya wanatazama mandhari. Ukungu mtupu.

Muhuri wa mwisho tuligongewa dukani kwa mwoka mikate,
vidole vyake vya unga vikabaki kwenye kadi
dakika ishirini kabla ya saa kufungwa.
Sikulia. Nilinunua mikate mitatu
nikaila yote nimesimama, maana kukaa hakukuwezekana.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa miguu,
ngazi nikazishuka kinyumenyume.
Mbele ya duka la dawa kuna kigae kilichong'oka,
miaka sita nakipita.
Mkono wangu wa kushoto ukashuka wenyewe,
kidole kikakionyesha.
Nyuma yangu hapakuwa na mtu,
ila mbwa wa mfamasia,
naye akapita pembeni.