Leja ya Stoo Namba Mbili

Ukurasa wa arobaini na moja, wino wa bluu:
chupa za sampuli, kumi na nane, mbili zimepasuka;
koleo la udongo, moja, mpini umelegea;
kisha, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kalamu nimeikaza:
Kinasavumbi, kimoja. Kikamulio cha maganda, kimoja.
Mvumbuzi: Serikali.

Sijawahi kumwona Serikali akishika bisibisi.
Nilimwona Nanjota.

Nilimwona akining'iniza mkebe wa maziwa ya unga
kwenye tawi la mkorosho, mwezi wa saba,
mabomba ya salfa yananguruma,
Tandahimba nzima imepakwa manjano mpaka kope.
Ndani ya mkebe, feni ya kompyuta iliyokufa
na kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda ya babu yake.
Jioni akakifungua, akakipima, akanyamaza.
"Hiki," akasema baadaye, "ndicho walichovuta watoto wa shule leo,
kuanzia hesabu mpaka kengele ya kutoka."

Kikamulio alikianza kwa sababu ya vidole.
Mama yake, Bi Somoe, kabangua korosho miaka thelathini,
jiwe mkono huu, chuma mkono huu, majivu viganjani,
na mafuta ya ganda hayana adabu:
yanakula ngozi, kesho yanarudi kula palipopona.
Walipokuja waandikishaji wa vitambulisho
mashine ilivitazama vidole vyake, kimoja kimoja, vyote kumi,
ikasema hakuna mtu.
Weka tena, mama.
Hakuna mtu.

Basi Nanjota akachomelea. Springi ya Land Rover, jeki ya lori,
sufuria iliyotobolewa kwa msumari,
bomba linalopozwa kwa maji yaleyale yakizunguka,
maana huku kwetu maji hayamwagwi ovyo.
Maganda yakaingia makavu, mafuta yakatoka meusi
kama kahawa iliyolala, tone,
tone,
bila mkono wa mtu kuyagusa.
Tulicheka siku hiyo, hata mkuu wa kituo alicheka.
Ubao tulioupaka uko pale nje. Mchwa wanauzunguka tu.

Kisha zikaja karatasi, nakala tatu, kaboni katikati.
Kilichobuniwa saa za kazi, kwa vifaa vya kazi,
ni mali ya mwajiri. Ndiyo kanuni, sikuitunga mimi,
na springi kweli ilikuwa ya gari la kituo.
(Jeki ilikuwa ya shemeji yake. Fomu haikuuliza.)
Nanjota akasaini. Nikapaka namba kwa rangi nyeupe,
nikafunga kufuli. Yeye akahamishiwa Tabora.

Huu msimu wa tatu.
Kinasavumbi kinanasa vumbi la stoo.

Jana Bi Somoe kaja, gunia la maganda kichwani,
hakulitua.
"Nasikia mashine ya mwanangu imo humu."
Nikamwambia, mama, si ya mwanao. Ni ya Serikali.
"Serikali ndiyo nani?"
Ulimi ukanitangulia, kama tulivyokaririshwa darasa la nne:
Serikali ni wananchi, mama.
"Na mie mwananchi?"
Ndiyo.
"Mbona mashine yao ilisema sipo?"

Nilitafuta kibali cha kumwonyesha. Nikatafuta waraka.
Droo nzima ina waraka, hakuna hata mmoja uliomjibu.
Nikafungua kitabu cha kuazimisha, safu ya mwisho,
nikamsogezea kidau. Kidole kikazama, kikatua:
doa jeusi, la duara, laini,
halina mstari hata mmoja,
kama tone la yale mafuta.

Sasa hivi nasikia jeki inalia uani, na wanawake wanabishana zamu.
Mkaguzi anakuja Januari. Atauliza hii alama ya nani.
Nimeshaandika pembeni: mwenye mali.
Kwa penseli.
Wino bado nauogopa.